Mkono wa Twalibu Dirishani

Huku kwetu Uluguru, ukiulizwa habari za nyumbani unajibu, "Nzuri." Hata kama paa limeezuliwa na upepo, kwanza nzuri, mengine baadaye. Mwanvita alikuwa hodari wa jibu hilo kuliko sisi sote.

Kila Jumamosi alishuka Morogoro mjini kuuza karoti. Wateja walimuuliza, "Na shemeji Twalibu?"

"Mzima. Yuko Kisaki kwa ndugu zake."

Twalibu, mumewe, hakuwa Kisaki. Alikuwa chumbani, dirisha limefungwa. Mvua kubwa iliporomosha udongo mlimani, ikamfukia mdogo wake shambani. Tangu hapo hakulima, hakulala, na chakula alikigusa tu.

Mjomba Stambuli, mkubwa wa ukoo wa Mwanvita, ndiye aliyetoa amri. "Watu watasema nyumba hii ina wazimu. Sema kasafiri. Yatapita." Kwetu neno la mjomba halipingwi hovyo.

Lakini hayakupita.

Basi Modesta, mhudumu wa afya wa kijiji, akaanzisha kikundi cha filamu. Si filamu za kuigiza. Watu wanarekodi maisha yao wenyewe kwa simu, kisha wanakijiji wanatazama na kuzungumza. Mwanvita akajiunga.

Kazi ya kwanza ilikuwa kurekodi asubuhi ya nyumbani. Mwanvita alijipanga haswa: kitenge kipya, uwanja umefagiwa, kuku wamefukuzwa. Akaegemeza simu kwenye kinu, akasimama mbele yake.

"Hapa kwangu kwema," alisema. "Mume wangu yuko Kisaki."

Nyuma yake dirisha likafunguka. Mkono ukatoka, ukamwaga majani ya chai, ukarudi ndani.

Modesta alitazama filamu ile na Mwanvita tu. Ndiyo kanuni ya kikundi: picha haionyeshwi kwa wengine mpaka mwenyewe akubali. Mwanvita alipouona ule mkono alitaka kucheka, akalia.

"Dada, Kisaki imekuwa karibu hivi?" Modesta aliuliza kwa upole.

"Ni Twalibu. Jana kaniambia nitapumzika yeye akiondoka duniani."

Modesta akaweka simu chini. "Neno hilo halingoji kesho. Asiachwe peke yake. Kamba na dawa za shambani zitoke nyumbani. Leo hii twende kituo cha afya."

"Kwani hajarogwa?"

"Naona dalili za sonona, huzuni nzito isiyoondoka. Ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Mganga wa kituo atampima. Unatibika kwa mazungumzo, na wengine hupewa dawa. Si wazimu wala uvivu."

"Nikimuuliza kama anataka kujiua, si nitamtia wazo hilo kichwani?"

"Hapana. Ukimuuliza waziwazi, unampa nafasi ya kusema."

Mwanvita akaingia chumbani, akamuuliza. Twalibu akasema, "Nilidhani hakuna atakayeuliza." Akavaa viatu.

Mjomba alinuna. Mwanvita akamwambia, "Shikamoo yako naitoa, mjomba, lakini mume wangu simfichi tena."

Uponyaji haukuja kwa siku moja. Twalibu alirudi kituoni mara nyingi kuzungumza na mshauri, akameza dawa kama alivyoelekezwa. Usingizi ulirudi kwanza, chakula kikafuata, jembe likawa la mwisho. Ndipo akamwambia mkewe, "Nirekodi. Safari hii mbele ya dirisha, si nyuma yake."

Tulikusanyika mchana kwenye ghala la mboga. Magunia yalitundikwa madirishani kuzuia jua. Kwenye shuka jeupe akaonekana Twalibu, jembe mkononi. Sauti ya Mwanvita ikauliza, "Habari za nyumbani?"

"Zilikuwa mbaya," Twalibu alijibu. "Nilitaka kufa. Nikaulizwa, nikatibiwa. Sasa naendelea vizuri."

Mjomba Stambuli akainuka na fimbo yake. Tulidhani anakwenda kuzima mashine ya kuonyeshea filamu.

"Mimi tangu mke wangu afariki silali," alisema. "Mkiniuliza, nasema nzuri. Modesta, hicho kituo kinafunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, mjomba."

Twalibu alikuwa ameshasimama kando yake. "Nitakupitia saa moja," alisema. "Tutateremka pamoja."