Nozeli Nne za Baba Pacha

Gari la Baba Pacha lilizimika Jumanne asubuhi katikati ya mlima, mgonjwa akiwa ndani. Lilianza kutetemeka tangu getini, likakohoa kwenye makutano ya kwanza, likatoa moshi mweusi unaonuka petroli, na lilipoanza kupanda likakata roho. Mama Pacha, aliyekuwa ameshika usukani, alijaribu kuliwasha tena na tena. Nyuma yake madereva walipiga honi utadhani ameamua mwenyewe kuegesha pale.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa tatizo la gari tu. Figo za Baba Pacha zilikuwa zimegoma tangu mwaka uliopita, na mara tatu kwa wiki ilibidi apelekwe hospitali asafishwe damu kwa mashine. Zamu yake ilikuwa saa mbili. Ukichelewa, kitanda anapewa mwingine, na maji yanabaki mwilini mwako yakitafuta pa kukaa. Siku hiyo alifikishwa saa nne na dereva wa lori la mchanga aliyemwonea huruma, akakuta kitanda kimeshachukuliwa. Jioni maji yakampanda mapafuni. Alisafishwa kwa dharura, na daktari akamwambia mkewe bila kupindisha maneno kwamba akikosa zamu tena, asitegemee bahati ya pili. Kwa sababu ya usafishaji ule wa dharura, zamu iliyofuata ilisogezwa hadi Ijumaa.

Dada mkubwa wa Baba Pacha aliyasikia haya yote akiwa amesimama kwenye korido ya wodi, mkoba begani. Alikuwa sajini wa upelelezi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na cheo kilimganda hata nyumbani. Mtaa mzima ulimwita Sajini. Kilichomuuma zaidi Mama Pacha ni kwamba gari lilikuwa limetoka gereji wiki mbili tu zilizopita. Fundi alibadilisha nozeli zote nne, vile vidude vinavyopuliza petroli ndani ya injini, na gari kuukuu lile likawa linateleza barabarani bila sauti.

"Basi fundi kakufungia takataka," Sajini alisema.

"Ndivyo wanavyosema wote, wifi. Hata Bosi kasema hivyo hivyo."

Bosi alikuwa kitindamimba wao, aliyepewa jina hilo utotoni kwa jinsi alivyopenda kutumikiwa. Hasira ilikuwa imempanda Sajini hadi masikio yakawa ya moto. Katika kazi yake alikuwa ameona watu wakiibiwa kila kitu, hata jeneza, lakini kumchezea mtu anayeishi kwa kuwahi mashine ni ukatili wa aina yake, na aliapa mhusika atamjua kabla ya Ijumaa.

Jumatano asubuhi alimtoa fundi gerejini kwake akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alimwambia mbele ya wateja kwamba ama atakuja kulifungua lile gari mbele yake, ama atalifungua mbele ya polisi. Fundi, mtu mfupi asiyependa kelele, alikunywa chai yake ikaisha, akachukua mfuko wa spana, akamfuata.

Gari lilikuwa limevutwa hadi uani kwa familia, chini ya ghorofa waliyoishi, na tangu hapo halikuguswa. Sajini hakumruhusu fundi kusogea kwanza. Aliingia yeye na wifi yake, wakakaa viti vya mbele, akaanza kukagua kila kitu kwa macho, kama alivyozoea.

Kwenye dashibodi kulikuwa na saa ndogo ya tarakimu za kijani. Ilisoma 3:05. Simu ya Sajini ilisoma 9:05.

Alitabasamu bila kutaka. Gari lile lilikuwa la marehemu baba yao, na mzee alikuwa na msimamo wake: saa tatu asubuhi ni saa tatu, na saa yenye kuandika tisa inadanganya watu. Kila saa aliyoimiliki aliirekebisha isome vile watu wanavyosema. Baba Pacha alipoachiwa gari, aliiacha saa vile vile kwa heshima ya mzee.

"Inakwenda sawasawa na simu yangu, dakika kwa dakika," Sajini alisema. "Saa ya mzee bado nzima."

Mama Pacha aliitazama, akakunja uso. "Haiwezi kuwa sawasawa, wifi. Mimi huiweka mbele dakika kumi. Tangu Baba Pacha aanze mashine ndivyo ninavyoiweka, nisije nikazubaa njiani. Hata fundi alipomaliza kazi yake alikuwa ameiandika kama simu, saa nane badala ya mbili, nikairudisha mwenyewe, na dakika kumi zangu juu."

"Na Jumanne ulitoka kwa kuitazama hii?"

"Niliitazama hii. Nikajiambia, dakika kumi zangu zipo." Akaanza kulia.

Sajini alimshika mkono. Mtu alikuwa ameigusa saa ile, na kwa kuigusa alimpunguzia mgonjwa hata zile dakika chache za akiba. Alimwita fundi.

Fundi aliwasha injini, na kwa kuwa sasa ilikuwa imepoa ikawaka, ila ikatetemeka yote. Aliichomoa soketi ya umeme ya nozeli ya kwanza. Mngurumo ukashuka, maana yake ile ilikuwa ikifanya kazi. Akairudisha, akachomoa ya pili. Mngurumo haukubadilika hata chembe. Ya tatu pia. Akaegemeza ncha ya bisibisi ndefu juu yake na sikio kwenye mpini, akasikiliza, akatikisa kichwa. Mbili zilikuwa zimekufa kabisa. Akazima, akachomoa waya wa betri, na papo hapo saa ya dashibodi ikapotea.

"Kila anayefungua nozeli hutoa betri?" Sajini aliuliza.

"Asiyetaka kuungua. Petroli humwagika hapa, cheche moja inatosha. Na betri ikitoka, saa inaanza upya."

Alizitoa zote nne, akazipanga juu ya gazeti, akazigeuza moja moja. Kisha akasimama wima, na kwa mara ya kwanza naye alionekana kukasirika.

"Hizi si zangu," alisema. "Mimi kila ninachofunga nakitia tone la rangi nyekundu ya kucha, nyuma ya soketi, mahali mtu hatazami. Unamfungia mtu kitu kizima, anakurudia na kibovu cha jirani yake anadai ndicho ulichomfungia. Zangu zina alama. Hizi hazina. Na tazama mipira hii ya kuzuia petroli isivuje. Imekauka, imepasuka, aliyefunga hakubadilisha. Petroli ilikuwa inavuja juu ya injini ya moto. Mngeungua wote mlimani pale."

Sajini alimuuliza kama hizi si zile mbovu za mwanzo. Fundi akasema zile alimkabidhi mama mwenyewe. Mama Pacha akapanda ngazi, akarudi na kopo la maziwa. Nozeli nne kuukuu zilikuwa ndani. Basi zile za kwenye gazeti zilitoka gari jingine la aina hiyo hiyo, na mwenye gari hilo sasa alikuwa akitembelea nozeli za mgonjwa.

Mtaani pale gari kama lile lilikuwa moja tu, la jirani wa ghorofa ya pili, na Mama Pacha alikumbuka kwamba mwezi mzima lilikuwa likikohoa, halafu ghafla likapona. Sajini alimgongea mlango. Jirani, akiwa na povu la kunyolea shavuni, alisema hajawahi kutukanwa hivyo tangu azaliwe, kisha akashuka na povu lake akafungua boneti kwa hasira. Fundi alichungulia na kioo kidogo. Nozeli zilikuwa na vumbi la miaka, hazina alama. Kilichobadilishwa ni plagi. Sajini aliomba radhi. Jirani alipanda ngazi akisema polisi wakistaafu wapewe bustani walime.

Sajini akamgeukia mlinzi wa geti, ambaye Mama Pacha hakumwamini kwa kuwa husinzia mchana. Mlinzi alikiri kusinzia, ila ufunguo wa geti alikuwa nao yeye. Alisema hakuna mgeni aliyeingia wiki ile, labda wahesabu ndugu kuwa wageni.

"Ndugu gani?"

"Yule mdogo wenu. Jumapili, mlipokwenda kuwaona pacha shuleni kwa basi la wazazi. Aliosha gari la kaka yake karibu mchana kutwa. Nikasema kimoyomoyo, kijana ana utu."

Mama Pacha alidakia kwa furaha kwamba ni kweli, Bosi alimpigia simu mapema kuomba ufunguo, akamwachia, na waliporudi alimpakulia chakula mara mbili kwa wema ule. Alisema maneno hayo, kisha akamwona wifi yake usoni, na furaha ikamwisha.

Sajini alikaa kwenye ukingo wa maua. Aliyefanya kazi hii alitoa betri, saa ikapotea, naye akairudisha ili asijulikane. Fundi angeandika kama simu, na alishafanya hivyo. Jirani na mlinzi pia wangeandika kama simu. Huyu aliandika kama mzee. Ila hakujua kuhusu dakika kumi, kwa kuwa zilianza na ugonjwa. Alikuwa mtu aliyelifahamu gari enzi za baba, na tangu kaka yake augue hakuwahi kupanda naye kwenda hospitali hata siku moja.

Na Bosi alikuwa na gari la aina hiyo hiyo. Alilinunua makusudi baada ya mzee kufariki, kwa kisirani, kwa sababu la mzee hakupewa yeye.

Alhamisi alasiri Baba Pacha alirudishwa nyumbani, akalazwa kwenye kochi la sebuleni na mito miwili mgongoni. Bosi alikuja kumjulia hali, shati limenyooshwa, na chupa ya juisi ambayo mtu wa figo haruhusiwi kunywa. Aliwakuta dada yake, shemeji yake na fundi. Alipomwona fundi akaanza kumshambulia kwa kuwauzia watu vitu bandia.

"Kaa kitako," Sajini alimwambia. "Jumapili ulipoosha gari, ulifungua boneti?"

"Nifungue ya nini? Niliosha tu."

"Betri hukuigusa."

"Dada, mimi si fundi."

Sajini akamweleza habari ya saa, taratibu, kama mtu anayemsomea mtoto. Bosi alisikiliza akitikisa mguu. Alipofika kwenye dakika kumi mguu ulitulia.

"Hata wewe unaijua saa ya mzee," Bosi alisema. "Mbona hujitaji?"

"Naijua. Ila mimi sina gari. Lete ufunguo wa lako."

Hakuutoa. Akasema huko ni kudhalilishana, akamtazama kaka yake amtetee kama alivyomtetea tangu wakiwa watoto. Baba Pacha alinyoosha mkono, kiganja juu. Bosi akauweka ufunguo pale.

Wote isipokuwa mgonjwa na mkewe walishuka uani. Fundi alifungua boneti, akaingiza kioo nyuma ya soketi ya kwanza, akamwita Sajini atazame. Tone jekundu lilikuwepo. Lilikuwepo kwenye zote nne.

Waliporudi juu, maneno yalimtoka Bosi kama maji ya bomba lililopasuka. Gari lake lilikuwa limekufa na yeye alikuwa na safari zake. La kaka lilikuwa linakwenda hospitali na kurudi tu, mwendo mfupi, nozeli nzima za nini? Alidhani litasumbua kidogo, watamrudishia fundi, fundi atalitengeneza. Na tena gari lenyewe ni la baba, haki yake imo.

"Haki yako ulikuja kuichukua wakati mwenyewe yuko kwa watoto wake," Sajini alisema. "Ungeomba. Ungekuja ukasema kaka, nimekwama, angekupa gari zima, mpumbavu wewe, maana ndivyo alivyo. Ukamfungia mipira iliyopasuka. Ukaja wodini ukamsingizia fundi."

Mama Pacha, pamoja na machozi yake, alisema labda yaishie humu ndani, ni damu moja. Fundi alitazama sakafu. Sajini mwenyewe alijua neno linalokuja, kwa kuwa Baba Pacha hakuwahi kumnyima mtu msamaha, na hasira ikampanda kabla hajalisikia.

Baba Pacha alivuta pumzi mara mbili ili apate ya kusemea.

"Pale mlimani," alisema, "gari lilipozima, mtu wa kwanza niliyempigia ni wewe, Bosi. Mama Pacha alikuwa nje anasimamisha magari, hakujua. Nilikuambia njoo unichukue, nitachelewa mashine. Ukaniambia gari lako bovu, halitoki."

Bosi hakuinua kichwa.

"Nikakupa pole," Baba Pacha alisema. "Nimekaa kwenye gari lililokufa, sipati pumzi, nikakupa wewe pole."

Sajini aligundua kwamba amekunja ngumi, akazikunjua.

Fundi aliuliza kwa upole afanye nini na zile nozeli, maana ni ushahidi. Sajini alifikiri kidogo tu. Zikienda stoo ya polisi zitakaa mwaka. Alimwambia azipige picha zilivyo, mlinzi na jirani washuhudie zikitolewa, kisha azirudishe kwenye gari la mgonjwa na mipira mipya kabla jua halijazama. Akamgeukia mdogo wake aliyelala kochini.

"Kesi yenyewe?" aliuliza. "Mlalamikaji ni wewe."

Mama Pacha alimshika mumewe bega. Baba Pacha aliufunika mkono ule kwa wake.

"Andika jina langu," alisema. "Kisha mpeleke polisi kwa teksi, Dada. Hilo gari lake sasa ni bovu kweli."