Kitovu cha Santuri

Nilikwenda kwa mjane mmoja kununua santuri jua likizama, maana wajane huuza vizuri jioni. Mchana wamezungukwa na ndugu wa marehemu, na kila ndugu ameshajichagulia kabati lake.

Kazi yangu ni kuuza santuri kuukuu za kantri, muziki wa mashambani Marekani, zile ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Magitaa yanayolia, wanaume walioachwa, treni zilizoondoka. Watu hunicheka kwamba nauza majonzi ya watu nisiowajua. Wacheke. Wenye baa hawanicheki, hasa wenye jukiboksi, lile kabati la muziki ambalo unatumbukiza sarafu, unabonyeza namba, na mkono wa chuma unaokota santuri yako na kuiweka chini ya sindano. Mlevi aliyekimbiwa na mke hataki muziki wa kuruka. Anataka kantri.

Mume wa huyu mjane alikuwa fundi redio. Nyumba ilinuka risasi ya kuchomelea, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine… udongo uliolowa. Mjane alizungumza kwa mnong'ono. Aliniomba radhi, akasema koo lilimharibikia zamani. Nikazikagua santuri dirishani, nikiziinamisha kwenye mwanga kutafuta mikwaruzo. Mali safi. Moja tu haikuwa na karatasi ya jina, na tundu lake lilikuwa dogo, la gramafoni ya nyumbani.

"Unapeleka kwenye jukiboksi?" akanong'ona.

"Ndiyo, mama."

"Basi hicho kitovu utakitoa."

Nikamwambia ndiyo kazi yenyewe. Jukiboksi hutaka tundu kubwa, kwa hiyo santuri ya tundu dogo tunaisukuma katikati na kitovu, kile kiduara chenye tundu, kinadondoka. Mjane akatabasamu. Nilidhani amefurahi kumpata mnunuzi anayeijua kazi yake. Mjinga mimi.

Nilizipeleka moja kwa moja kwenye baa ya mdogo wangu. Mdogo wangu huimba. Anaimba akifuta meza, anaimba akifungua chupa, hata akimfukuza mlevi, humfukuza kwa wimbo. Amefanana sauti na marehemu mama yetu mpaka kikohozi, na sina kitu duniani ninachokipenda kuliko sauti hiyo. Jioni ile wateja walikuwa bado hawajaingia, naye alikuwa kaunta, anaimba.

Nikakisukuma kitovu kwa kidole gumba. Hakikutoka. Nikaona gundi nyeusi pembeni. Mtu alikwisha kukitoa, kisha akakirudisha. Hapo ndipo mwenye akili angeacha. Mimi nilichukua bisibisi.

Tak.

Harufu ya udongo uliolowa ikanijia puani. Nikaitia santuri kwenye mashine, nikabonyeza namba. Sindano ikashuka.

Krrr… krrr…

Hakuna gitaa. Kulikuwa na mtu anapumua. Kisha akaanza kuimba, wimbo uleule wa pale kaunta, kwa sauti ileile.

Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, midomo inacheza.

Sauti ilikuwa inatoka kwenye mashine tu.

Nilichomoa waya ukutani. Mashine ikanyamaza, lakini sauti ya mdogo wangu haikumrudia. Alijishika koo, akajaribu kuniita Dada. Neno nililiona mdomoni. Sikulisikia.

Nilikwenda kwa mjane mbio, kanga yangu imening'inia bega moja. Nilipogonga, nikaitikiwa na sauti nyororo, ya msichana. Mlango ukafunguka. Hakukuwa na msichana yeyote. Alikuwa yeye.

"Karibu, mwanangu. Nilijua utarudi."

Wala hakuficha. Santuri ile iliingia kwake katikati ya shehena ya mnada aliyoinunua mumewe, nani aliyeitengeneza hakujua. Siku mumewe alipokitoa kitovu na kuipiga, yeye alikuwa jikoni, anaimba. Mumewe alikirudisha kitovu kwa gundi na santuri ikatulia, lakini ilichokuwa imemeza haikukitapika. Kuichoma ni kukichoma na kilichomo. Huiachia sauti ya mtu pale tu inapopata ya mwingine.

"Mpelekee mwenye baa mwingine," akasema. "Mwenye mtu wake anayeimba. Kama nilivyofanya mimi."

Nikamwuliza ni nani aliyemo mle ndani. Akatazama sakafu.

"Labda ni yule wa kwanza," akasema. "Wa kwanza hakuwa na wa kumpa, akabaki mle mwenyewe."

Sitasema uongo, nilifikiria. Upande wa pili wa mji yuko mwenye baa aliyekuwa akinisubiri na kantri zangu, na binti yake huimba kama chiriku. Ingekuwa rahisi mno. Lakini nikamwambia mjane kwamba mimi ni mchuuzi, nimewahi kuuza vibovu kwa bei ya vizima, Mungu anisamehe, ila hiki sikiuzi. Akanicheka kwa ile sauti yake nzuri, akasema basi mdogo wangu atakaa bubu. Nikamwambia tutaona. Hasira ilikuwa imenijaa mpaka woga ukakosa pa kukaa.

Njiani nikaanza kuifikiria kazi yangu. Santuri si jiwe. Sindano ya jukiboksi ni nzito, na wimbo unaopendwa huliwa mifereji yake na sindano mpaka unabaki mvumo wa upepo na mchanga. Bila hivyo mimi nisingekuwa na biashara. Ukiichoma, kilichomo kinaungua pamoja nayo. Ukiichosha, italazimika kutoa vyote ilivyonavyo, punje kwa punje, na mwenye mali amesimama mbele yake.

Nilipofika baa nikamweleza mdogo wangu. Nikamwambia pia kwamba sina hakika, na kwamba huenda tukaipoteza sauti yake moja kwa moja. Akaenda kutia komeo mlango wa baa, akachomeka waya yeye mwenyewe. Nikafungua kifuniko, nikabandika sarafu juu ya kichwa cha sindano ili uzito uzidi.

Krrr…

Ilianza kwa kiburi. Iliimba kwa sauti ya mdogo wangu, tena vizuri kumshinda. Mdogo wangu akasimama mbele ya kioo cha mashine, akaimba nayo bila sauti, mishipa ya shingo imemtoka. Ilipofika mwisho nikabonyeza tena. Na tena. Nami nikaimba, mimi ambaye nikiimba utadhani mlango unaohitaji mafuta. Tulikuwa tumepiga moyo konde, liwalo na liwe.

Ndipo ikageuza sauti.

"Wanangu… mnaniumiza…"

Alikuwa mama. Nikanyoosha mkono kuizima. Mdogo wangu akaukamata mkono ule, akatikisa kichwa. Alikuwa anatokwa na machozi, lakini alitikisa kichwa. Na kweli, mama hakuwahi kutubembeleza maishani. Mama alikuwa anachapa.

Nikabonyeza tena.

Vumbi jeusi likaanza kukusanyika kwenye sindano. Harufu ya udongo ikajaa chumba kizima. Santuri ikaanza kupauka, ikawa ya kijivu, na sauti ikakonda… ikakonda… hata ikawa mnong'ono.

"Basi… inatosha."

Sindano ikafika mwisho, mkono wa chuma ukarudi mahali pake. Nikakiondoa kidole kwenye kitufe. Nilichoka, na nilitaka kuamini kwamba inatosha.

"Weka tena."

Ilikuwa sauti ya mdogo wangu. Ina mikwaruzo, lakini yake. Nikamkumbatia, nikalia kama mtoto.

Kisha nikatambua kwamba nimeisikia kutoka pande mbili kwa pamoja, kinywani mwake na nyuma ya kioo. Na santuri ilikuwa imesimama; nusu ya sauti yake ilikuwa bado mle ndani.

"Weka tena, Dada," sauti zote mbili zikasema.

Nikaweka.