Ubao wa Kizuizini

Ndugu zangu, sikilizeni yaliyoifika nyumba ya Dionis, dereva wa Tabora, miaka ile ya vijiji vya Ujamaa.

Jumamosi moja asubuhi Dionis alikuwa uani akiosha pikapu yake, na dada yake Marcelina akikaanga vitumbua. Marcelina alikuwa akicheka naye, ingawa mdomo wake ulikuwa bado umevimba kwa kipigo. Alikuwa amemkimbia mumewe, Bundala, aliyeapa kumuua popote atakapomkuta.

"Nitakupeleka Urambo kwa Leonia," Dionis alimwambia. "Rafiki yako huyo wa shule, Bundala hamjui."

Njiani palikuwa na kizuizi cha kuzuia magendo ya tumbaku. Serikali ilimweka pale mgambo Mabruki, Mzaramo mcheshi, na ubao mweusi kama wa darasani. Kila gari lililopita, aliandika kwa chaki namba yake, liendako na waliomo. Magendo yalikuwa adui wa wote, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ni nani atakayeusoma ubao ule.

Jioni, akirudi peke yake, Dionis aliikuta namba yake ingali pale: TDK 814, Urambo, mwanamke mmoja.

"Kaka Mabruki, ulinikagua, sina magendo. Nifutie."

"Niliagizwa kuandika. Kufuta sikuagizwa."

"Basi geuza tu ubao, uelekee porini."

"Ah, Dionis! Kama huna magendo, chaki inakuuma nini?"

Watu wa lori lililokuwa nyuma wakaangua kicheko. Dionis angeweza kusema sababu, lakini aibu ya nyumba haitangazwi barabarani. Akaondoa gari.

Kesho yake Bundala, akimtafuta mkewe, alifika kizuizini kwa baiskeli. Mnyamwezi na Mzaramo, mnajua, ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Mmoja hamnyimi mwenzake neno.

"Wewe mla nazi! Shemeji yangu Dionis kanipita bila salamu. Kaenda wapi?"

"Mnyamwezi, mizigo ya kichwani imekuziba macho? Ubao huo hapo. Urambo! Tena mbele alikaa bibi mwenye kanga ya bluu. Au ni mkeo kakukimbia?"

Wakacheka wote wawili.

Bundala akapanda treni. Urambo ulikuwa mji mdogo, na mgeni hajifichi. Habari zilipomfikia Dionis, Marcelina alikuwa amekwisha kuchomwa kisu njiani akitoka kisimani, maji ya ndoo yake yakimwagika juu ya damu.

Baada ya matanga Dionis alikwenda kizuizini. Mabruki alisimama, utani wote umemkauka.

"Ndugu yangu, nilidhani ni mzaha. Wallahi nilidhani ni mzaha."

Namba ilikuwa bado pale. Dionis aliweka kiganja ubaoni akaanza kufuta polepole, kwanza neno "mwanamke".

MAFUNZO

Serikali ina haki ya kulinda barabara, na mwenye magendo akamatwe. Lakini jicho lisilo na sheria humtumikia yeyote anayekuja kuliazima, hata muuaji. Anayechukua namba za magari yetu awekewe mipaka: anazichukua kwa ajili gani, nani aruhusiwe kuzisoma, na lini zifutwe. Njia ya msafiri mwema si mali ya kila mpita njia.

Nanyi mkiulizwa, "Kama huna kosa, waogopa nini?" mkumbukeni Marcelina. Yeye hakuwa na kosa.