Uvimbe wa Shavu la Mastura

Tik!

Kulikuwa bado giza. Hamisa alisikia kitu kidogo kikianguka ndani ya kikombe cha bati. Akapapasa kiberiti, akawasha kibatari. Binti yake Mastura, mtoto wa miaka sita, alikuwa ameketi mkekani na kikombe mkononi. Ndani ya kikombe mlikuwa na jino.

"Limetoka lenyewe, mama," alisema. "Haliumi."

Lilikuwa gego, si jino la mbele kama yanayong'oka umri ule. Na shavu la kulia lilikuwa limevimba, kama mtoto ameficha bibo zima la korosho mdomoni.

Asubuhi wifi yake, Salma, alikuja kuomba moto. Akaliona jino.

"Si nilisema? Huyu alianza kuota meno ya juu. Kigego! Sasa mkosi umemrudia mwenyewe."

"Wifi, usimwite hivyo mwanangu."

"Nimwiteje, malkia? Mpelekeni kijijini Mahurunga, kwa fundi wa dawa za kienyeji. Ayang'oe meno yote ya juu, mkosi uishe."

Jumanne, baba yake Mastura, alikuwa akivaa shati aende bandarini kupakia mizigo. Alikuna kichwa. "Dada ni mkubwa wetu. Tuanze Mahurunga. Hospitali haikimbii."

"Hospitali haikimbii, uvimbe unakimbia!" Hamisa alifoka. "Kuku akifa, kosa la Mastura. Mvua ikichelewa, kosa la Mastura. Redioni kila siku tunaambiwa adui zetu ni ujinga, umaskini na maradhi. Mwanangu sijasikia akitajwa!"

Akamshika mtoto mkono, akatoka. Jumanne akafuata, hata chai hakunywa.

Jirani yao hapo mtaani Rahaleo alikuwa Magreth, muuguzi, mtu wa Songea. Hamisa alimweleza yote, hata safari ya Mahurunga. Magreth aliligusa shavu polepole. Akatikisa meno kwa kidole. Mawili yalicheza.

"Lilianza lini kuvimba?"

"Juzi juzi tu, sista. Wala halimuumi sana."

"Hiyo ndiyo hila yake. Uvimbe unakua upesi, meno yanalegea, na mtoto halii. Naogopa ni saratani ya taya. Huwapata watoto. Ikiwahiwa ina dawa, na wengi hupona. Mkizungukia Mahurunga, mtafika hospitali mmechelewa."

"Na mkosi je?" Jumanne aliuliza.

"Shemeji, mkosi hakuna aliyeuona kwa hadubini. Saratani inaonekana. Twendeni."

Hospitalini daktari alichoma sindano kwenye uvimbe, akavuta majimaji kidogo. Akayapaka kwenye kioo, akayatia rangi, akayatazama kwa hadubini. Ilikuwa saratani kweli. Siku ileile Mastura akalazwa, akaanza kuchomwa dawa.

Kisha daktari akaomba kipande kidogo cha uvimbe kipelekwe kwa watafiti. Hamisa alisimama.

"Nyama ya mwanangu wanaitakia nini? Hajaonewa vya kutosha?"

Magreth akamketisha kwenye benchi.

"Sikiliza, mama Mastura. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Kila chembe ina kiini. Ndani ya kiini mna nyuzi nyembamba za urithi. Nyuzi hizo ndizo zenye maagizo: kua, gawanyika, sasa acha. Katika uvimbe kama huu, mara nyingi watafiti wamekuta protini ya kirusi fulani. Imezing'ang'ania zile nyuzi kama kupe. Wakitia dawa maalumu, chembe za uvimbe zinang'aa. Hiyo ndiyo alama yake."

"Kirusi hicho kakileta nani? Mimi?"

"Hapana! Wengi wetu tunacho, hata mimi, na hakitudhuru. Kwa nini watoto wachache wanaugua, hawajajua bado. Ndiyo maana wanaomba kipande."

"Hawajui, na wanakiri?"

"Wanakiri."

Hamisa akamgeukia mumewe. "Umesikia? Wenye hadubini wanasema hawajui. Dada yako hana hata miwani, yeye anajua!"

Jumanne alitaka kukasirika, akacheka. Halafu akamtazama mtoto wake kitandani.

"Wachukue," alisema. "Na kwenye chupa ya hicho kipande waandike Mastura, wasije wakaandika upuuzi mwingine."

Baada ya siku chache uvimbe ulianza kunywea. Nywele zilinyonyoka. Mastura alitapika, akalia, akakataa uji. Hamisa alikaa naye. Hata waliporuhusiwa kwenda nyumbani, walirudi kwa kila sindano waliyoitiwa. Jumanne ndiye aliyembeba mgongoni, akipita katikati ya mtaa watu wakiangalia.

Nywele zilipoota tena, Mastura alikuwa akitafuna muhogo wa kuchoma. Asubuhi moja alikwenda na mama yake bombani. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo zao. Salma alikuwapo.

"Jamani, kigego kapona!" Salma alipaza sauti, akicheka kwa furaha. "Njoo, kigego, shangazi akuone!"

Wanawake waliacha ndoo zao, wakageuka. Hamisa alifungua kinywa amjibu. Lakini Mastura alikuwa ameshatua kopo lake chini.

"Shangazi, mimi naitwa Mastura."