Chupa ya Vidonge vya Mbombo

Kila asubuhi Mbombo hula kwanza, halafu humeza kidonge kimoja. Ni mshonaji. Anaishi mtaa wa Kapata na mama yake, Bilonda, na mdogo wake Tina mwenye miaka tisa. Mbombo na Tina wana ugonjwa wa SS, yaani selimundu. Chembe za damu yao hujipinda, hukwama kwenye mishipa, na mifupa huuma sana.

Vidonge hivyo ni dawa mpya ambayo bado inajaribiwa. Mbombo alielezwa, akakubali, akatia sahihi. Kila mwezi huenda hospitali ya mjini kupimwa damu. Watoto bado hawapokelewi.

Mwezi wa pili wa majaribio Tina alilia siku tatu kwa maumivu ya miguu. Bilonda akaitazama chupa.

“Humu mu nyumba tunakulaka bukari mu sahani moya,” alisema. “Leo utakunywa we, kesho mudogo yako.”

Mbombo akaanza kupokezana na Tina, siku kwa siku. Nani angebisha, mtoto analia? Chupa iliisha kwa wakati, na hospitalini hakuna aliyeshtuka.

Ila damu ilisema. Muuguzi Godelieve alisoma majibu, akakunja uso.

“Dawa haina nguvu ya kutosha,” alisema. “Docteur anataka kuongeza. Kuanzia leo, bidonge mbili kwa siku.”

Kesho viwili hivyo vingekuwa vya Tina. Mbombo aliogopa. Aliogopa pia kuondolewa kwenye utafiti. Akasema hata hivyo.

“Mama Godelieve, na kama mutoto anakunywa bile bidonge?”

Godelieve aliweka kalamu chini. Mbombo akaeleza yote.

“Ulifanya vizuri kusema. Hatutakufukuza,” alijibu Godelieve. “Lakini sikia. Hii dawa tuliipima juu ya damu yako na kilo yako. Kwa mutoto inaweza kushusha askari ba damu, bale banapiganaka na magonjwa. Homa kidogo tu inaweza kumumaliza. Na sisi tulikuwa tunaandika kusema dawa haina nguvu. Kumbe ulikunywa nusu. Bagonjwa bengine bote tungebadanganya.”

Tina aliletwa siku hiyo hiyo. Askari wa damu yake walikuwa wameshuka. Bilonda alishika kichwa.

“Mi nilitaka bapone bote,” alisema.

Tina aliachishwa vile vidonge. Damu yake ilipopanda tena, aliandikishwa kwenye kliniki ya watoto wenye SS. Huko anapewa dawa inayolingana na uzito wake. Anakunywa maji mengi, anavaa sweta wakati wa baridi, na akipata homa anapelekwa hospitali bila kungoja. Muhula huu amekosa shule siku mbili tu.

Mbombo alirudi kwenye kidonge chake kimoja, kila siku. Baada ya miezi miwili damu yake ilikuwa nzuri zaidi. Bilonda alikuwepo majibu yaliposomwa.

“Batoto batakubaliwa lini mu hii étude ya dawa?” aliuliza.

“Tukimaliza kujua vizuri namna inatumika kwa bakubwa,” alisema Godelieve.

Bilonda akamgeukia binti yake Mbombo.

“Basi kunywa yako yote, mutoto yangu. Usimupatie mutu hata moya. Hata mi nikikuomba.”