Hukumu Dhidi ya Marehemu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kijiti alimwosha bibi yake uso, akamnywesha uji, kisha akamgeuza ubavu wa pili asipate vidonda. Bibi alikuwa amepooza. Mama, fundi cherehani, alikuwa tayari barazani, pini mdomoni, akishona sare. Walipanga katika nyumba ile tangu Kijiti hajazaliwa. Jina hilo la utani alipewa na Bibi kwa wembamba wake.

Asubuhi moja, Kijiti hajatoka kwenda shule, dalali wa mahakama alifika na kundi la vijana.

"Haya, tokeni! Mwenye nyumba wenu ameshindwa kesi. Nyumba ni ya aliyemshtaki."

"Ameshindwaje, baba?" Mama aliuliza. "Yule alifariki mwaka juzi. Sasa tunapangishwa na mjane wake. Na sisi hatujaitwa mahakamani hata siku moja."

"Hayo kamweleze hakimu. Mimi nimetumwa."

Cherehani ilirushwa barabarani, gurudumu likavunjika. Bibi alibebwa na godoro lake, akalazwa kando ya barabara. Mvua ikaanza. Mama alimfunika kwa vitambaa vya wateja, lakini vililowa vyote.

Kinyozi wa jirani aliwapa stoo yake wajihifadhi. Humo kifua kilimbana Bibi, na wiki haikuisha, akafariki.

Baada ya maziko, Mama alikwenda kwa wakili mmoja aliyesaidia watu bila malipo. Wakili huyo alifungua maombi mahakamani, na Kijiti akatakiwa kueleza alichokiona. Siku ya kusikilizwa, kinyozi alimvuta pembeni.

"Sema walimpiga Bibi. Hakimu akisikia hivyo, wamekwisha!"

Kijiti alikuwa bado na hasira, na maneno hayo yalimwingia.

"Walimpiga bibi yako?" hakimu aliuliza.

Kijiti alimtazama dalali.

"Hapana, mheshimiwa. Walimbeba, wakamlaza chini. Mvua ilipoanza, niliwaomba wamrudishe barazani tu. Wakasema kazi yao ni kutoa, si kurudisha."

Hakimu alimgeukia dalali. "Ni kweli?"

Dalali aliinamisha kichwa. "Ni kweli, mheshimiwa."

Hakimu alieleza uamuzi wake polepole. Kesi ile ilifunguliwa wakati mwenye nyumba ameshazikwa. Marehemu hawezi kuitwa wala kujitetea, kwa hiyo hukumu ile ilikuwa batili. Tena, hata ingekuwa halali, wapangaji wasiohusika na kesi wasingetolewa bila kusikilizwa. Akaamuru warudishwe, na aliyefungua kesi awatengenezee cherehani.

Walirudi jioni ile ile. Kijiti alisimama mlangoni, machozi yakimtoka.

"Mama, ningesema walimpiga, si wangefungwa?"

"Dalali angekana, mwanangu, na hata yale ya kweli yasingeaminiwa. Ulisema yaliyotokea, akakosa pa kukimbilia." Mama alimshika bega. "Ukionewa usinyamaze. Nenda kadai haki yako. Lakini ukisimama kusema, sema uliyoyaona, usiongeze hata neno. Bibi yako hakuhitaji kuongezewa. Yaliyompata yalitosha."

Wakaanza kufagia. Chumba kilikuwa kikubwa mno kwa watu wawili.