Bahasha ya Noela

Asubuhi kijijini Kichiwa ni baridi. Ukungu hulala juu ya mashamba ya viazi mpaka jua lipande. Mama Tabea huamka, huwasha moto, hubandika chai, kisha hulalamika kwamba kuni za siku hizi si kuni. Kuni ni zilezile za mwaka jana, na mwaka jana pia alizilalamikia.

Jumapili ile hakulalamika. Binti yake Noela alikuwa kando ya moto, anamenya viazi. Noela alikwenda Ujerumani akiwa msichana, kusomea uuguzi. Akapata kazi huko, akaolewa huko, akachukua uraia wa huko. Mumewe alipofariki, alirudi nyumbani kumtunza mama yake. Mama Tabea alikuwa akimtazama kila mara kama mtu asiyeamini macho yake.

Walipojiandaa kwenda kanisani, mama alitoa bahasha mbili za sadaka kabatini.

"Hii yangu. Hii yako," alisema.

"Yangu, mama? Mimi si niliondoka zamani?"

"Namba yako ya kanisani ni ileile. Kila Jumapili nilikuwekea sadaka humo. Sikuruka hata moja."

Noela aliishika bahasha kwa mikono miwili. Miaka yote ile alikuwa mbali, na jina lake lilikuwa linakwenda kanisani bila yeye.

Baada ya ibada alimweleza mama yake jambo lililokuwa linamnyima raha.

"Mama, viza yangu inakaribia kwisha. Ikiisha, siruhusiwi kukaa hapa."

"Viza ya nini? Umezaliwa hapa, umebatizwa hapa, bahasha yako iko hai. Mgeni ni yule Mjerumani wa mradi wa maji."

"Mimi pia nina pasi ya Kijerumani, mama."

"Hiyo ni ya kusafiria tu. Chukua cheti chako cha kuzaliwa, ukaombe kitambulisho cha taifa. Yamekwisha."

Danford, mdogo wake Noela, alicheka. "Nani atajua, dada? Sura yenyewe ni ya Kichiwa kabisa."

Noela alijua kuna kasoro mahali. Lakini alimtazama mama yake, jinsi anavyoshika ukuta akisimama, na moyo ukamlainika. Nani angemsaidia mama akiondoka yeye? Akakitia cheti mkobani.

Kesho yake alikwenda mjini Makambako na Danford kununua mbolea. Akapita dukani kutoa kopi ya cheti. Hapo akakutana na Irine, aliyesoma naye shule ya msingi. Irine sasa ni msaidizi wa kisheria. Huwaelekeza watu haki zao, na mdomo wake haujapungua tangu utotoni.

"Kopi ya nini, Noela?" aliuliza akicheka.

Noela akamweleza. Irine akaacha kucheka.

"Dada yangu, usifanye hivyo. Nchi yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ulipochukua wa Ujerumani, wa hapa ulikoma. Ukisema kwenye fomu kwamba wewe ni raia, umesema uongo kwa serikali. Hilo ni kosa la jinai. Wanaweza kukushtaki na kukuondoa nchini."

"Kwa hiyo nimuache mama?"

"Nani kasema? Siku hizi kuna hadhi maalum. Ni kwa raia wa nje mwenye asili ya Tanzania. Aliyekuwa raia kama wewe, au aliyezaliwa na Mtanzania. Ukiipata, unaweza kuingia, kutoka na kukaa."

Noela akaketi kwenye benchi. "Irine, sheria imemfikiria mtu kama mimi?"

"Imekufikiria, na ina jina lako. Si Noela, lakini ni wewe."

Noela alirudia maneno yale polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Mwenye asili ya Tanzania. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

"Sikiliza vizuri," Irine akaendelea. "Hadhi hiyo si uraia. Hutapiga kura wala kugombea. Na mama akitaka kukuandikia shamba, muulize kwanza afisa ardhi, maana ardhi ya kijiji ina taratibu zake. Kubwa zaidi, nenda Uhamiaji viza ikiwa bado hai. Masharti hubadilika, kwa hiyo waulize wao, usiniulize mimi wala mtu wa kijiweni."

Danford akatazama pembeni. Mtu wa kijiweni alikuwa yeye.

Noela alikwenda ofisi ya Uhamiaji Njombe pamoja na mama, ambaye alikataa kubaki. Afisa alikuwa kijana mpole aitwaye Lenard. Mama Tabea hakungoja aulizwe, akamsalimu kwa Kibena.

"Kamwene, mwanangu. Nimesikia mtamwandika huyu kuwa mgeni. Nimemzaa mimi."

"Shikamoo, mama. Pasi yake ni ya nje, hilo lazima liandikwe. Lakini pia ataandikwa mwenye asili ya Tanzania. Cheti chake ndicho kinachoonyesha hivyo."

"Kumbe cheti si cha kudanganyia?"

"Ni cha kusema kweli, mama. Alizaliwa hapa, na hilo halifutiki."

Mama Tabea akamgeukia binti yake kwa mshangao. "Noela, hata serikali inajua?"

Lenard aliwaonyesha jinsi ya kutuma maombi kwa mtandao, vielelezo vinavyotakiwa na ada yake. Akamweleza Noela namna ya kuongeza muda wa kukaa kihalali wakati maombi yanashughulikiwa. Noela alifuata yote. Kusubiri hakukuwa rahisi. Mama aliuliza kila jioni kama simu imelia.

Siku moja simu ikalia. Noela alikuwa shambani, tope mpaka magotini. Ombi lake lilikuwa limekubaliwa. Alisimama katikati ya matuta ya viazi akaangalia milima kama anaiona kwa mara ya kwanza. Sasa angeweza kukaa bila hofu ya viza.

Jumapili iliyofuata, mama Tabea alitoa bahasha kabatini. Alitoa moja tu, yake. Noela akashtuka.

"Mama, na yangu?"

"Ipo. Itoe mwenyewe."

Kanisani, kapu lilipofika kwao, Noela akaiweka bahasha yake kwa mkono wake. Mama Tabea akashusha pumzi, akamnong'oneza, "Sasa nitapumzika, mwanangu. Nilikuwa nakushikia nafasi."